DISKI YA KUKATIA CHUMA, NA JICHO LA FUNDI

Ukipita katika barabara za Bunia, kama ni Mudzi-Pela, kama ni Nyakasanza, kama ni karibu na soko kubwa, utasikia sauti ya mashini ya kukatia chuma tangu asubuhi mpaka jioni. Mafundi wanatengeneza milango, madirisha, vitanda na malango ya nyumba. Kazi hii ni njema. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 4, kinamtaja Tubal-kaini aliyefua shaba na chuma, naye ametajwa mapema kabisa, kabla ya gharika. Bila fundi wa chuma hatuna jembe, wala hatuna mlango unaofungwa usiku. Na watu wa Ituri wanajua vizuri faida ya mlango unaofungwa.

Lakini mashini hii si ndugu ya tupa wala ya msumeno wa mkono. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1954, nayo inazungusha diski mara elfu nyingi kwa dakika moja. Tupa ikivunjika, kipande kinaanguka chini, nawe unakiokota. Diski ikivunjika, vipande vinaruka kwa mwendo wa kilomita 200 na zaidi kwa saa, yaani kupita gari lo lote uliloliona katika njia ya Mahagi. Hutakuwa na nafasi ya kufumba macho. Wengi wanaoletwa hospitalini na jeraha la namna hii hawakuwa walevi wala wavivu. Walifunga diski bila kuisoma. Basi, leo tujifunze kuisoma.

DISKI INASEMA NINI?

Chukua diski mkononi, uigeuze upande wenye maandishi. Usisumbuke kwa kuwa maneno ni ya Kiingereza au ya Kichina. Tarakimu ni zile zile kwa watu wote.

Kwanza utaona upana wake kwa milimeta: 115, au 125, au 180, au 230. Kisha utaona unene. Diski ya kukatia ni nyembamba: milimeta 1, au 1.6, au 3. Diski ya kusagia ni nene, kama milimeta 6. Tena utaona tarakimu kubwa, na hiyo ndiyo ninayotaka uikumbuke kuliko zote, maana ni kipimo cha mizunguko ambayo diski inaweza kuvumilia kwa dakika moja. Kwa diski ya 115 ni kama 13,300. Kwa diski ya 125 ni kama 12,200. Lakini kwa diski kubwa ya 230 ni kama 6,600 tu. Unaona? Diski ikiwa kubwa, inavumilia mizunguko michache, maana ukingo wake unakwenda mbali zaidi katika kila mzunguko.

Sasa itazame mashini yenyewe. Imebandikwa kibao kidogo chenye tarakimu ya mizunguko yake. Mashini ndogo nyingi huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Basi sheria ni hii: tarakimu ya diski isiwe ndogo kuliko tarakimu ya mashini. Ikiwa ndogo, usiifunge, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni akidai dirisha lake.

Nimekazia jambo hili kwa sababu ya desturi moja mbaya sana. Fundi ana mashini ndogo, naye anataka kukata chuma kinene. Anaona diski ya 230 haiingii kwa sababu ya kinga, ile nusu duara ya chuma inayofunika diski. Basi anaiondoa kinga, anaitupa chini ya meza, anafunga diski kubwa, na kazi inakwenda upesi. Hajui amefanya nini. Diski iliyoandikwa 6,600 sasa inazungushwa mara 11,000, na nguvu ya kuipasua imekuwa karibu mara tatu ya ile iliyopimiwa. Tena ameondoa kitu pekee ambacho kingezuia vipande visimpige usoni. Wengine huchukua diski kubwa iliyokwisha kulika ikawa ndogo, wakaifunga katika mashini ndogo ili isipotee bure. Hiyo nayo ni diski ya 6,600, hata kama sasa imekuwa na upana kama sahani ya chai. Kulika kwake hakukuifuta ile tarakimu.

Mungu aliwaagiza Waisraeli, kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Utalisoma neno hili katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Kinga ya mashini ndiyo ukingo wa dari yako, ewe fundi mkubwa. Ukiiondoa, na kijana unayemfundisha akaumia, usiseme ni ajali tu.

Katikati ya diski, kuzunguka tundu, kuna pete ya chuma. Diski nyingi nzuri zimegongwa hapo mwezi na mwaka, kwa mfano 07/2027. Hiyo si siku ya kutengenezwa. Ni mwisho wa kutumika, nao kwa kawaida ni miaka 3 tangu ilipotengenezwa. Wengine wanacheka wakisikia hivi: «Je, diski ni maziwa, hata iharibike?» Naam, inaharibika. Diski ni chembe ngumu zilizoshikamanishwa kwa gundi, na ndani yake umo wavu wa nyuzi za kioo wa kuitia nguvu. Gundi hiyo huvuta unyevu, na ikivuta unyevu hulegea. Hapa kwetu mvua ni nyingi. Diski zinasafirishwa kutoka Uganda juu ya magari, zinanyeshewa njiani, kisha zinalala dukani juu ya sakafu. Nunua kwa mtu anayeziweka mahali pakavu, na nyumbani uzilaze juu ya ubao, si juu ya udongo. Diski iliyopinda, iliyomegeka ukingoni, iliyoanguka kwa nguvu au iliyolowa maji, ivunje kabisa kabla ya kuitupa, ili kijana asiiokote akaitumia. Kwa shauri langu, diski moja nzuri ni rahisi kuliko tatu zisizo na maandishi, hata kama muuzaji anaapa.

Iko pia herufi. A ni ya chuma. C ni ya mawe na matofali. Ukikata chuma kwa diski ya mawe, inakwisha upesi na kupata moto, nawe unaanza kuikandamiza kwa hasira. Hapo ndipo inapokwama.

KUKATA SI KUSAGA

Diski nyembamba imefanywa kukata kwa ukingo wake tu, ikisimama wima. Ubavuni haina nguvu hata kidogo. Lakini mara nyingi fundi akimaliza kukata huilaza diski ile ile ili kulainisha mahali palipounganishwa, kwa kuwa hataki kufungua na kufunga tena. Diski inapungua unene upande mmoja, inapata ufa usioonekana, na siku ya pili inapasuka ikiwa inakata vizuri tu, na watu wanasema amerogwa. Hakurogwa. Kwa kusaga, funga diski nene ya kusagia, uishike imelala kidogo tu juu ya chuma.

Ukitaka kubadili diski, chomoa kwanza waya wa umeme, usitegemee kitufe. Kaza kwa ufunguo wake, si kwa nyundo. Tundu likiwa dogo, usilipanue kwa tupa. Likiwa kubwa, usijaze karatasi. Ukisha kuifunga, iache mashini izunguke bure karibu dakika moja, ukiielekeza mahali pasipo mtu. Ikitetemeka, izime.

Kamata chuma chako katika jiriwa au ukifunge mezani, maana wengi wanakikanyaga kwa mguu wenye kandambili. Kile kipande unachokitenga kiwe na nafasi ya kuanguka chenyewe, ili mkato ufunguke. Mkato ukijibana, diski hukamatwa ghafula, na mashini yote inakurukia. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, mpini wa pembeni usiutoe, wala usisimame katika mstari wa diski. Cheche zisielekee njiani. Watoto hupenda kuzitazama, na mama anayepita na mtoto mgongoni hajui kama unaanza kukata.

Jambo moja la mji wetu: umeme hukatika. Ukikatika, zima kitufe pale pale. Ukirudi na kitufe kimewashwa, mashini itaamka peke yake mezani. Na pipa lililokuwa na petroli usilikate, hata kama limekaa wazi mwezi mzima na halinuki. Mvuke uliobaki ndani unatosha kuua.

MIWANI

Miwani ya jua haitoshi. Miwani ya kusomea haitoshi. Ile kofia nyeusi ya kuunganishia chuma ni nzuri kwa moto wa kuunganisha, lakini kwa kukata fundi haoni kitu ndani yake, kwa hiyo anaivua, na hapo macho yake yako wazi. Inatakiwa miwani angavu ya kazi, iliyofunikwa pande zote hata ubavuni. Ukipata ngao ya plastiki ya kufunika uso wote, ivae juu ya miwani hiyo.

Nimeona ateliye yenye vijana watano na miwani moja, nayo imetundikwa ukutani kama picha. Kila anayesimama karibu anahitaji yake. Mtu akiniambia, «Mungu ataniangalia,» namjibu kwamba Mungu huyo huyo alimpa kope na nyusi, na anayemwamini hakatazwi kuongeza miwani.

IKIWA KITU KIMEINGIA JICHONI

Usisugue. Osha jicho kwa maji safi ya kunywa, mengi, ukifumba na kufumbua ndani ya maji. Mara nyingi vumbi hutoka. Lakini kipande cha chuma cha moto hujishikilia juu ya kioo cha jicho, yaani ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, na baada ya saa chache tu huanza kutoa kutu. Kutu hiyo huacha duara linalouma na kuzuia jicho lisipone.

Katika ateliye nyingi yuko mtu anayesifiwa kwa kutoa vipande, huyu kwa kijiti cha kiberiti, huyu kwa wembe, huyu kwa ncha ya ulimi. Usimpe jicho lako. Mkwaruzo mdogo ukiingia uchafu huwa kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe, nalo kovu halioni. Usitie maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala mkojo. Usinunue dawa ya macho kwa kukisia, maana nyingine zina dawa ya kupunguza wekundu ambayo huacha ugonjwa uendelee kula kwa siri. Na ile dawa ya kufisha ganzi tunayoitumia hospitalini usiombe kwenda nayo nyumbani. Jicho lisilosikia maumivu hujiharibu bila kujua. Njoo siku ile ile. Tutaitoa kwa taa na kioo cha kukuza, kisha tutakupa dawa ya kuzuia uchafu.

Iko hali nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo inadanganya. Kipande kidogo kimetoboa jicho na kuingia ndani. Tundu linaweza kujifunga, maumivu yakapungua, na mtu akarudi kazini. Lakini macho yanaona ukungu, au mboni imevutwa upande kama tone la maji, au kuna damu ndani. Hapo usioshe, usibonyeze, usitie dawa yo yote, wala usivute kinachoonekana. Chukua kikombe kidogo safi, ukiweke juu ya jicho kikae juu ya mfupa, kisigusane na jicho lenyewe, ukifunge kwa kitambaa. Mgonjwa asile kitu, maana labda atapasuliwa. Mpelekeni siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho. Chuma kikibaki ndani hutia jicho sumu polepole kwa miezi na miaka. Na mara chache, jicho lililotobolewa na kuachwa hufanya hata lile jingine, lililokuwa zima, lishikwe na ugonjwa.

Ukifika, mwambie muuguzi mara moja: «Nilikuwa ninakata chuma,» na saa ilipotokea, na kama diski ilivunjika. Usiseme tu kwamba jicho linauma. Wenye macho mekundu ni wengi katika mstari wa asubuhi, lakini anayesikia neno chuma atakutoa katika mstari huo na kukupeleka kupigwa picha, ambayo huonyesha chuma hata kama tundu limekwisha kujifunga.