Bendera ya Kukodi Haina Mlinzi

Tangu siku zake za kwanza kambini, kuruta hufundishwa kwamba bendera si kitambaa. Hupandishwa asubuhi kwa heshima, hushushwa jioni kwa heshima, na kila aipigiaye saluti ajua kwamba nyuma yake liko taifa zima lililo tayari kuilinda. Huko baharini, hata hivyo, ziko bendera ambazo nyuma yake hakuna mtu. Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa wapiganaji na askari polisi wenzetu, maana mara nyingine gharama yake hulipwa na watu waliovaa sare.

Sheria ya kimataifa yataka kila meli iwe na taifa lake. Taifa hilo ndilo lenye wajibu wa kuhakikisha kwamba meli ni nzima, mabaharia wamehitimu na vyombo vya uokoaji vimo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulizipa haki ya kuandikisha meli nchi zote, zenye pwani na zisizo na pwani, lakini ukataka pawepo uhusiano wa kweli kati ya meli na bendera yake.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwenye meli anayekimbia kodi kubwa, mishahara ya haki na ukaguzi mkali huweza kuiandikisha meli yake katika nchi ambayo hajapata kuikanyaga. Hulipa ada, akapewa bendera. Hiyo ndiyo tuiitayo bendera ya kukodi. Leo rejista tatu kubwa kuliko zote duniani ni za Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall, ingawa wengi wa wenye meli hizo hukaa kwingineko. Hatusemi kwamba kila rejista ya namna hiyo ni mbovu. Ziko zilizojirekebisha na kusimamia meli zao barabara. Lakini ziko pia zinazopokea ada na kufumba macho.

Dunia ilijaribu kuziba pengo hilo. Mwezi Machi 1978 meli ya mafuta Amoco Cadiz, iliyopeperusha bendera ya Liberia, ilivunjikia pwani ya Brittany huko Ufaransa na kumwaga tani zipatazo 220,000 za mafuta. Mwaka 1982 mamlaka za bahari za nchi 14 za Ulaya zilipatana mjini Paris kwamba bandari zao zikague meli za kigeni zinapotia nanga. Nchi za Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilifanya mapatano kama hayo mwaka 1998. Hivyo asipokagua mwenye bendera, akague mwenye bandari.

Sasa tutazame yaliyotokea pale walinzi wote walipolegea, mmoja baada ya mwingine.

Meli iitwayo Rhosus iliundwa Japani mwaka 1986. Kufikia mwaka 2013 ilikuwa kuukuu, nayo ilipeperusha bendera ya Moldova, nchi isiyo na pwani ya bahari kama Uganda yetu. Mwezi Julai mwaka huo wakaguzi wa bandari ya Sevilla, Hispania, waliizuia kwa makosa kadhaa, kisha ikaachiwa. Mwezi Septemba ikang'oa nanga Batumi, Georgia, ikiwa na tani 2,750 za nitrati ya amonia, kemikali itumiwayo katika mbolea na katika baruti za kupasulia miamba. Mzigo huo ulikuwa ukienda Beira, Msumbiji, katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki.

Haukufika. Meli ilipita Beirut, Lebanoni, kuongeza shehena ili ipate fedha za safari. Wakaguzi wakaiona haifai kusafiri, madeni nayo yakaiandama. Aliyeiendesha akaitupa. Nahodha na mabaharia watatu walikwama ndani yake karibu mwaka mzima bila mishahara, hata nahodha akauza mafuta ya meli ili amlipe wakili. Bendera ya Moldova ilikuwa ingali mlingotini, lakini haikuwaokoa.

Mwaka 2014 mzigo ulishushwa ukawekwa katika ghala namba 12 la bandari. Meli yenyewe ilizama hapo bandarini mwaka 2018. Maofisa wa forodha waliandika barua kwa mahakama mara kadhaa wakiomba mzigo uondolewe, haukuondolewa. Mwezi Julai 2020 idara ya usalama wa taifa iliwaonya viongozi wakuu wa nchi. Haukuondolewa.

Jioni ya tarehe 4 Agosti 2020 moto ulizuka ghalani. Watu 10 wa kikosi cha zimamoto walitumwa kuuzima. Kwa maelezo ya kikosi chao, hawakuambiwa kilichomo ndani. Mlipuko ukawaua wote, na pamoja nao watu wengine. Jumla ya waliokufa ilipita 200, maelfu wakajeruhiwa, na watu wapatao 300,000 wakapoteza makao.

Wasomaji wetu wataona kwamba bendera peke yake haikulipua Beirut. Mwenye meli alikwepa wajibu wake, wakubwa wa bandari na wa serikali wakaukwepa wao, na mzigo ukabaki mikononi mwa mlinzi wa lango na mzima moto. Bendera ya kukodi ilikuwa kiungo cha kwanza cha mnyororo huo, kwa kuwa ndiyo iliyoiruhusu meli mbovu kubeba hatari kama ile.

Sisi ambao mizigo yetu hupita Mombasa na Dar es Salaam hatuko mbali na mambo haya. Wengi wetu hupangiwa lindo la maghala, mipakani na barabarani. Basi askari anayekabidhiwa ghala na aulize: nini kimo ndani, ni cha nani, na nani atajibu likitokea jambo? Jibu na liandikwe katika kitabu cha matukio. Taarifa isipojibiwa, na iandikwe tena, kisha ipelekwe kwa mkubwa anayefuata. Wale 10 wa Beirut walitii amri wakaenda. Aliyewatuma na aliyelinda lango lile walipaswa kujua wanakwenda kukabili nini.