Mzigo na Usubiri, Punda Apone

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Usemi huo tuliukumbuka asubuhi moja tulipokuwa wageni katika nyumba moja mjini Lamu. Njia za mji huo ni nyembamba hata punda wawili wenye shogi hupishana kwa taabu, na mchanga, saruji na boriti za ujenzi hadi leo hufika mlangoni mwa mwenye nyumba migongoni mwa wanyama hao. Mwenyeji wetu alikuwa ameahidi kumfikishia fundi mchanga kabla ya adhuhuri. Baada ya sala ya alfajiri alimfungua punda wake. Mnyama akapiga hatua mbili, akasimama. Mguu wa nyuma wa kulia aliuinua, ncha ya ukwato ikigusa ardhi kidogo tu. Jioni iliyopita alikuwa mzima.

"Mvute, mwanangu," baba alimwambia kijana wake. "Mzigo wa watu unangojwa."

"Baba, hakanyagi," mtoto akajibu, na hatamu hakuivuta.

Ndugu msomaji, usimwone baba huyo kuwa mtu katili. Ujira wa siku ile ndio uliokuwa unga wa jioni. Jirani mmoja mtu mzima, kwa nia njema, akashauri mguu uchomwe kwa chuma cha moto kama walivyofanya wazee wa zamani. Ndipo mama wa nyumba aliposema kwa upole, "Mzee wangu, hatujajua anaumwa wapi, tutachoma nini?" Neno hilo ndilo lililomwokoa punda, nasi tunaliona kuwa ndilo mwanzo wa tiba yote: kwanza kujua maumivu yako wapi.

Farasi na punda ni jamaa moja, na haya tunayoyaeleza yanawahusu wote wawili. Mnyama akichechemea ghafla mguu wa nyuma, jambo la kwanza ni kumtua mzigo na kumwacha asimame alipo. Asilazimishwe kutembea ili "mguu ulegee." Kisha atazamwe kwa mbali. Je, mguu unaning'inia au umepinda mahali pasipo na kiungo? Je, pana damu, uvimbe au jeraha karibu na kiungo? Hizo ni dalili za hatari. Asiondolewe mahali pale mpaka daktari wa mifugo afike.

Ikiwa hakuna dalili hizo, mtu mzima amkaribie kutoka begani, akizungumza naye taratibu, huku mkono ukiteremka toka mgongoni hadi pajani na chini. Asisimame nyuma yake kabisa, na watoto wasiachiwe kazi hiyo. Husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini teke la mnyama mwenye maumivu si utovu wa shukrani. Miguu yote miwili ilinganishwe: upi una joto zaidi, upi umevimba. Mwisho ukwato uinuliwe na kusafishwa, kwa kuwa mara nyingi sana chanzo cha kuchechemea ghafla kimo humo humo: kokoto, kigae, msumari au jipu.

Jipu la ukwato huanza pale uchafu unapopenya ufa mdogo au tundu la msumari. Usaha hujikusanya ndani, na kwa kuwa ukwato ni mgumu na hauwezi kutanuka, shinikizo lake huleta maumivu makali kiasi cha mwenye mnyama kudhani mfupa umevunjika. Daktari hufungua tundu dogo, usaha ukatoka, kisha ukwato hulowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kufungwa kwa kitambaa safi. Nafuu huonekana mapema, ingawa kupona kamili huhitaji subira.

Ukiukuta msumari bado umo, na daktari yuko karibu, usiung'oe. Auone mwenyewe umeingia kwa upande gani na kina gani, kwani ulioingia katikati ya wayo waweza kufika kwenye kiungo. Ila ukiona utazidi kuzama kila anapokanyaga, utoe, na utie alama mahali ulipokuwa. Wala usisahau kwamba ugonjwa tunaouita pepopunda haukupewa jina hilo bure: jamii ya farasi na punda hudhurika nao upesi mno, na jeraha dogo la ukwato ni mlango wake. Daktari aulizwe habari ya chanjo siku hiyo hiyo.

Vipo visababishi vingine. Huenda mguu ukakaza ghafla, umenyooka kwa nyuma, ncha ya ukwato ikiburuzwa. Hapo kifupa cha goti la juu, lile lililo karibu na tumbo, kimenasa. Farasi aliyepumzishwa siku kadhaa huku akilishwa nafaka tele, kisha akarudishwa kazini, huweza kukakamaa misuli ya mapaja, akatoka jasho na kukojoa mkojo mweusi. Huyo asitembezwe hata hatua chache. Apewe maji, na daktari aitwe. Wala mnyama asipewe dawa za maumivu za binadamu kwa kukisia.

Punda ana tabia ya kuficha maumivu, hivyo akionyesha kuumwa, ujue ameumwa kweli. Akiacha kula, hilo nalo ni jambo la dharura, kwa maana mafuta ya mwilini huweza kujaa katika damu yake na kumuua. Kama ana mwenzake aliyemzoea, wasitenganishwe.

Lamu wana neema: tangu mwaka 1987 pana hospitali ya punda inayotibu bila malipo. Daktari aliyefika pale nyumbani alipata jipu, na ndani yake ncha ya msumari wa ujenzi. Fundi hakungoja, alimpa kazi mchukuzi mwingine, na kwa siku kumi ile nyumba ilikula kwa mashaka. Yule jirani wa chuma cha moto ndiye aliyemwazima baba punda wake nyakati za alasiri. Kijana akawa anafagia zizi na kusafisha kwato zote nne kila jioni, desturi ambayo ingalifuatwa mapema pengine ingeuzuia msiba wote.

Dini yetu imetufundisha kwamba mnyama asiyeweza kusema ana haki juu yetu. Tunajua habari ya ngamia aliyemlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba bwana wake humtia njaa na kumchosha. Punda wa Lamu hakulalamika, alisimama tu. Baba alituambia wakati wa kuagana kwamba alipoteza ujira wa siku kumi, lakini angalimvuta asubuhi ile, huenda angaliupoteza wa miaka kumi. Mzigo ulifika kwa njia nyingine. Punda naye yu hai.