Suruali ya Jinzi Inayokutosha Vema: Ni Fedha Kiasi Gani Zinastahili Kutumika?

Miongoni mwa mavazi yanayonunuliwa sana katika minada na magulio ya Mkoa wa Katavi ni suruali ya jinzi. Huvaliwa shambani, safarini, kazini na hata katika sherehe. Pamoja na hayo, ni vazi ambalo wanunuzi wengi hulijutia: limebana mapajani, limelegea kiunoni, au limepasuka msamba kabla ya msimu kwisha. Katika sura hii tunaeleza namna ya kukadiria bei inayokufaa, namna ya kupima suruali mahali pasipo na chumba cha kujaribia, na haki ulizo nazo pale unapouziwa kitu kisicholingana na maelezo ya muuzaji. Mifano yetu tumeielekeza kwa mkazi wa Katumba, katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, lakini kanuni zake zinafaa mahali popote nchini.

Kwa nini bei hutofautiana kiasi hiki

Mlaji wa Katumba huwa na njia tatu za kupata suruali ya jinzi: kununua mtumba, kununua mpya dukani, au kumpa fundi cherehani kitambaa ashone kwa vipimo.

Mtumba huingia nchini katika marobota yaliyofungwa. Mfanyabiashara hununua robota zima bila kujua kila kilichomo. Anapolifungua, nguo nzuri huuzwa kwanza kwa bei ya juu ili arejeshe mtaji wake. Zinazobaki hushuka bei kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo maana suruali mbili zinazotoka katika robota moja zaweza kupishana bei maradufu. Juu ya hapo huongezeka nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam kupitia Tabora hadi Mpanda, kwa reli au kwa barabara, pamoja na faida ya kila mtu ambaye mzigo umepita mikononi mwake.

Biashara ya mitumba ni halali. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo hizo, lakini nchini kwetu zinaendelea kuuzwa. Zilizopigwa marufuku ni nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, kwa sababu za kiafya. Suruali ya jinzi haimo katika katazo hilo, ingawa ni busara kuifua kabla ya kuivaa kwa mara ya kwanza.

Jinzi mpya ya dukani hugharimu zaidi, lakini upya wake peke yake si uthibitisho wa ubora. Zipo jinzi mpya za kitambaa chepesi ambazo hudumu muda mfupi kuliko mtumba wa kitambaa kizito. Fundi naye ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye kiuno na nyonga zake havilingani na vipimo vya kiwandani, mradi awe na sindano na uzi unaostahimili kitambaa kigumu.

Hesabu ya bei kwa kila siku ya kuvaa

Bei iliyotajwa na muuzaji haikuelezi kama suruali ni ghali au rahisi. Tunakushauri ugawanye gharama yote kwa idadi ya siku utakazoivaa. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka badala yake zile unazozikuta sokoni kwako. Tuchukulie kuwa mlaji huvaa suruali yake siku mbili kwa wiki, yaani siku 104 kwa mwaka.

Suruali ya kwanza ni mtumba wa shilingi 8,000, uliochakaa mapajani. Inapasuka baada ya miezi sita, ikiwa imevaliwa siku 52. Kila siku imegharimu takriban shilingi 154.

Suruali ya pili ni mtumba mzuri wa shilingi 18,000. Fundi anapunguza kiuno na kukata urefu kwa shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 21,000. Ikidumu miaka miwili, yaani siku 208, kila siku imegharimu takriban shilingi 101.

Suruali ya tatu ni mpya, shilingi 45,000. Ikidumu miaka miwili, kila siku imegharimu takriban shilingi 216. Ili ilingane na suruali ya pili, inapaswa kudumu zaidi ya miaka minne.

Suruali ya nne ni ya shilingi 12,000, nzuri kwa macho, lakini inabana. Mwenyewe anaivaa mara tano kisha anaiweka sandukuni. Kila siku imegharimu shilingi 2,400.

Hesabu hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, suruali ya bei ya chini kabisa si lazima iwe nafuu. Pili, suruali isiyokutosha ndiyo ghali kuliko zote, hata kama ulipunguziwa bei. Kwa hiyo fedha ya fundi ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya bei. Shilingi elfu chache za kurekebisha kiuno zaweza kuifanya suruali ya kukaa sandukuni kuwa ya kuvaliwa kila wiki.

Namna ya kuweka ukomo wako

Kaya nyingi za Katavi hupata fedha kwa msimu, baada ya kuuza tumbaku, mahindi au mpunga. Fedha inapoingia kwa mkupuo, minada huchangamka, bei hupanda, na ni rahisi kununua kwa pupa. Tunakushauri upange kabla ya kwenda sokoni, kwa utaratibu huu:

1. Tenga kwanza fedha ya chakula cha kukufikisha mavuno yajayo, mahitaji ya wanafunzi, matibabu, marejesho ya mikopo na pembejeo za msimu ujao. Mavazi yanunuliwe kutokana na kinachobaki.

2. Kadiria kwa ukweli ni siku ngapi utaivaa suruali hiyo. Suruali ya shambani huvaliwa mara nyingi lakini huchakaa upesi. Ya sherehe hudumu, lakini huvaliwa mara chache.

3. Amua ni kiasi gani uko tayari kulipia kila siku ya kuvaa. Ukiamua shilingi 100, na unaamini utaivaa siku 208, basi ukomo wako ni shilingi 20,800, fedha ya fundi ikiwamo.

4. Ukishaweka ukomo, usiuvuke kwa sababu ya maneno ya muuzaji au jina lililoandikwa mfukoni mwa suruali.

Ikiwa suruali uliyo nayo bado ni imara, kuitia kiraka au kubadili zipu ni uamuzi halali kabisa wa kiuchumi. Hakuna kanuni inayomlazimu mlaji kununua kila msimu.

Kupima mahali pasipo na chumba cha kujaribia

Namba iliyoandikwa kwenye lebo ni dokezo tu. Kwa kawaida namba ya kwanza ni mzunguko wa kiuno na ya pili ni urefu wa mguu kwa upande wa ndani, zote kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Hata hivyo viwanda havifuati kipimo kimoja, na jinzi zilizofuliwa mara nyingi huwa zimesinyaa au zimelegea. Suruali iliyoandikwa 32 yaweza kupimwa ikaonekana 34. Kwa hiyo pima suruali yenyewe.

Njia ya kuaminika ni kwenda na suruali yako inayokukaa vema. Zilaze zote mbili juu ya meza au turubai, zipu zikiwa zimefungwa, kisha linganisha sehemu nne: upana wa kiuno, upana wa paja chini kidogo ya msamba, kina kutoka ukanda wa kiuno hadi msamba, na urefu kutoka msamba hadi pindo. Usipopenda kubeba suruali, chukua uzi, uupimie kwenye suruali hiyo nyumbani, na ufunge fundo kwa kila kipimo. Uzi huo huingia mfukoni na haumdanganyi mtu.

Wengi wamezoea kuzungusha kiuno cha suruali shingoni. Njia hiyo husaidia kuondoa suruali zisizofaa kabisa, lakini haisemi lolote kuhusu nyonga na mapaja, ambako jinzi hubana zaidi. Ukiweza, ijaribu mwilini. Akina mama wanaweza kuivaa chini ya sketi au kanga. Kisha chuchumaa, inua goti, na ukae. Ukanda ukishuka sana nyuma, au kitambaa kikivuta mikunjo mikali kutoka msamba, suruali hiyo haikutoshi.

Zingatia pia kinachoweza kurekebishwa. Fundi anaweza kupunguza kiuno, kukata urefu na kubana miguu. Ni vigumu kwake kupanua mapaja au kuongeza kina cha msamba, kwa sababu akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya jinzi ni ndogo. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya inayobana na inayopwaya kidogo, chagua inayopwaya.

Ukaguzi wa ubora

Inua suruali kuelekea mwanga wa jua. Kitambaa kinachopitisha mwanga msambani, matakoni au mapajani kimekwisha nguvu. Ivute kidogo kwa mikono miwili upande wa ndani wa paja. Uzi ukianza kuachana, iache. Geuza nje ndani na ukague mishono, hasa ya msamba na ya mifuko. Panda na ushushe zipu mara tatu. Tikisa kifungo cha kiunoni na utazame ribiti za pembe za mifuko. Ribiti hizo zipo ili kuzuia kitambaa kisichanike, na ndizo zilizopewa hataza nchini Marekani tarehe 20 Mei 1873 kwa Jacob Davis na Levi Strauss.

Jinzi za kuvutika huchanganywa na uzi wa mpira. Zivute, kisha uachie: zisiporudi mahali pake, au ukiona nyuzi nyeupe zimechomoza, mpira umekufa na suruali italegea baada ya kuvaliwa kwa saa chache.

Haki zako na wajibu wako

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Inataka pia bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa aina hiyo iwe na ubora unaokubalika katika biashara. Hata hivyo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Hii ndiyo sababu tunasisitiza ukaguzi: tundu ulilopaswa kuliona sokoni huwezi kumrudishia muuzaji kesho yake.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kumdanganya mlaji. Tangazo la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Kwa upande mwingine, kubadili mawazo, au kugundua nyumbani kwamba suruali inabana, hakukupi peke yake haki ya kurudishiwa fedha. Uliza kabla ya kulipa: “Isiponitosha, nitabadilishiwa? Ndani ya siku ngapi?” Jibu hilo liandikwe.

Kuhusu majina maarufu yaliyoshonwa kwenye lebo, kumbuka kwamba lebo ni rahisi kughushi kuliko kitambaa na mshono. Kuuza bidhaa bandia ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ukaguzi wake husimamiwa na Tume ya Ushindani.

Dai risiti kila unaponunua. Muuzaji asiyetumia mashine ya risiti za kielektroniki mwombe karatasi yenye jina lake, tarehe, bidhaa na bei. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo. Bila ushahidi huo, malalamiko yako yatabaki kuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Ukipata tatizo, rudi kwanza kwa muuzaji, kwa lugha ya heshima, ukiwa na bidhaa na risiti. Asipokusikiliza, mfikie kiongozi wa soko au Afisa Biashara wa Halmashauri. Udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Masuala ya viwango vya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Baada ya kununua

Fua jinzi ikiwa imegeuzwa nje ndani, kwa maji baridi, mbali na nguo nyeupe, kwa kuwa rangi yake ya nili huchuja. Ianike kivulini. Jua kali na pasi ya mkaa yenye moto mwingi huharibu uzi wa mpira na kufifisha rangi. Mshono ukianza kuachia, mpelekee fundi siku hiyo hiyo, kwani mshono mmoja hushonwa kwa fedha ndogo, lakini msamba uliopasuka huhitaji kiraka. Kila mwezi unaoongeza katika maisha ya suruali hupunguza bei uliyoilipia kwa siku.