Mjumbe Mpya wa Mtaa na Amana Aliyoibeba

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 27, 2024 uliwaweka madarakani wenyeviti na wajumbe wa mitaa kwa kipindi cha miaka mitano. Kila uchaguzi wa namna hii huleta watu ambao hawajawahi kuketi katika kikao cha umma: mama wa nyumbani, muuza duka, kijana aliyemaliza masomo. Hongera zikishapoa, jirani hubisha hodi. Mtaro umeziba na maji yanaingia ndani, au kuna mtu anayepima eneo ambalo watoto huchezea. Hapo ndipo mjumbe hujiuliza: mamlaka yangu ni yapi hasa?

Swali hilo ni zito zaidi katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni. Huko makazi hukua kwa kasi kuliko barabara na mitaro, na familia nyingi ni wageni wasiojuana.

Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara hiyo ina historia nyuma yake. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa na shughuli zake zikashikwa na watumishi wa serikali mikoani. Huduma za miji zilizorota, na halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Zikafuata sheria za mwaka 1982 ambazo, pamoja na marekebisho yake, ndizo msingi wa mfumo tulionao.

Katika mfumo huo, mtaa una vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni mkutano mkuu wa mtaa, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Cha pili ni kamati ya mtaa, yenye mwenyekiti na wajumbe waliochaguliwa, baadhi yao wakiwa wanawake waliotengewa nafasi zao. Mtendaji wa mtaa hakuchaguliwa. Yeye ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye katibu wa vikao. Kamati huandaa na kusimamia mambo, kisha hurudi kwa wakazi kutoa taarifa, ikiwamo ya mapato na matumizi.

Ni muhimu mjumbe mpya afahamu kwamba peke yake hana amri. Hawezi kumfungia mtu duka wala kumgawia mtu kiwanja. Nguvu yake imo katika kikao halali, chenye akidi, kilichofikia uamuzi ulioandikwa. Malalamiko yaliyosemwa barazani huishia barazani. Yakiingia kwenye muhtasari yana safari. Mwenyekiti wa mtaa ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, na diwani hubeba hoja ya kata hadi Baraza la Madiwani, ambako bajeti ya manispaa hupitishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango yake hupangwa miezi mingi kabla. Hoja ya mtaro inayotolewa mvua za masika zikiwa zimeshaanza huwa imechelewa mwaka mzima.

Kwa hiyo, katika kila kikao, mjumbe na asikilize muhtasari uliopita ukisomwa, na ajenda ya yatokanayo isirukwe. Aulize: tuliagiza nini, nani alipewa kazi, na jibu la kata liko wapi? Maswali hayo matatu, yakiulizwa kwa adabu na bila kuchoka, yana tija kuliko hotuba ndefu.

Liko pia jambo linalozigusa familia zetu moja kwa moja. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kwa mujibu wa sheria, mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Muislamu anayeikimbia riba ana haki ya kujua kuwa mlango huu upo, na mjumbe ana wajibu wa kuutangaza kwa wote, si kuunong'ona kwa jamaa zake.

Katika ardhi, tahadhari ni kubwa zaidi. Muhuri wa mtaa kwenye hati ya mauziano ni ushahidi tu. Si hati miliki. Mjumbe anayeshuhudia mauziano bila kuuliza warithi, mke au majirani wa mpaka huweza kuwa sababu ya mayatima kudhulumiwa.

Kushauriana si jambo geni kwetu. Qur'ani ina sura nzima iitwayo Ash-Shura. Lakini shura haikamiliki kwa upande mmoja. Mjumbe alisimama kwa tiketi ya chama, ila akishachaguliwa ni wa wakazi wote, Waislamu na wasio Waislamu, waliompa kura na waliomnyima. Wakazi nao, wakiacha mkutano kwa wachache, wasishangae wachache hao wakiamua.

Basi familia na ipange. Mkutano ukitangazwa, baba na mama wapokezane kulea watoto ili wote wawili wapate kushiriki, na vijana waliotimiza miaka 18 waende nao. Wakumbuke pia kuwa orodha ya wapiga kura ya mtaa huandikishwa peke yake; aliye na kadi ya mpiga kura wa uchaguzi mkuu bado hana budi kujiandikisha mtaani kwake. Mjumbe naye aingie kikaoni akijua kuwa cheo chake ni amana, na kwamba ataulizwa juu yake na majirani zake leo, na mbele ya Mola wake kesho.