TUJILINDE KWENYE UWANJA WA SHABAHA

Katika vijiji vingi vya Tanzania wapo wananchi wanaojiunga na mafunzo ya mgambo. Mafunzo hayo huchukua miezi kadhaa. Wanamgambo hujifunza kwata, sheria na ulinzi. Karibu na mwisho hupelekwa kulenga shabaha kwa risasi za kweli. Mahali hapo panaitwa uwanja wa shabaha. Wengine husema renji.

Siku hiyo wapo wanaolenga, wapo wakufunzi, wapo wanaoleta maji. Kando ya uwanja wapo wananchi wanaokwenda shambani, kisimani na malishoni. Je, wote hawa watarudije nyumbani salama? Tuangalie pamoja.

RISASI INAFIKA WAPI?

Risasi ya bunduki aina ya SMG hutoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde moja. Kiwanja cha mpira kina urefu wa mita 100 hivi. Basi, kabla hujamaliza kutamka "mia moja na moja", risasi imekwisha pita viwanja vitano.

Sauti huenda polepole zaidi, mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo risasi yaweza kumfikia mtu kabla hajasikia mlio. Tusiseme, "Nikisikia mlio nitalala chini." Utakuwa umechelewa.

Risasi iliyokosa shabaha yaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Ndiyo maana shabaha huwekwa mbele ya kilima au tuta kubwa la udongo. Udongo humeza risasi, lakini jiwe halimezi. Risasi ikigonga jiwe, chuma au maji yaweza kuruka pembeni. Hivyo hata mtu aliye ubavuni mwa uwanja yumo hatarini.

BENDERA NYEKUNDU

Bendera nyekundu ikipandishwa, maana yake ni kwamba watu wanapiga risasi, au wako tayari kupiga. Usipite. Zunguka, hata kama njia ni ndefu. Usiseme, "Mbona kumekuwa kimya?" Huenda wanajaza risasi tu.

Wenye mafunzo nao wana wajibu. Ni vizuri wamwarifu mwenyekiti wa kijiji mapema: siku gani, saa ngapi, na njia zipi zitafungwa. Mwenyekiti naye awaarifu wenyeviti wa vitongoji, na habari ifike hadi kwa watoto wanaochunga mbuzi. Mlinzi akisimama njiani, aseme na wapita njia kwa heshima. Nao wapita njia wasigombane naye. Anawalinda wao.

MAMBO YA KUSHIKA UWANJANI

Ndugu mwanamgambo, shika mambo haya:

1. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Hata ukiambiwa haina, ifungue na utazame mwenyewe.

2. Mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha daima. Mtu akikuita, usigeuke na bunduki mkononi. Geuza kichwa tu.

3. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga na umeamriwa kupiga.

4. Jua kilichoko nyuma ya shabaha.

5. Ukifyatua na risasi isitoke, usiifungue bunduki mara moja. Baruti yaweza kuchelewa kuwaka. Iache imeelekea kwenye shabaha kwa nusu dakika, inua mkono, na umngoje mkufunzi.

6. Ukisikia "Acha kupiga!", acha papo hapo. Ondoa risasi, weka bunduki chini ikiwa wazi, rudi nyuma. Wenzako wanapokwenda kutazama shabaha, usiiguse bunduki hata kidogo, wala usiiiname kuifuta vumbi.

Amri ya kuacha yaweza kutolewa na mtu yeyote aliyeona hatari. Hata mama aliyeleta maji akiona mtoto ametokeza karibu na tuta, apige kelele, "Acha!" Wote watii kwanza. Maswali baadaye.

ADABU NI KINGA

Mara nyingi mkufunzi ni kijana, na mwanafunzi ni mtu wa makamo mwenye wajukuu. Pengine mzee huyo amewinda kwa gobore tangu ujana wake. Akikaripiwa, "Mzee, kidole nje!", moyo unamuuma. Lakini tufikiri. Gobore hupiga mara moja, kisha hujazwa tena taratibu. Bunduki ya SMG hujijaza yenyewe. Ikifyatuka mara moja, risasi nyingine imekwisha ingia mahali pake. Mazoea ya gobore hayatoshi hapa. Mzee apokee amri bila kinyongo, na kijana aitoe bila dharau.

Adabu nyingine ni hizi. Usiseme na mtu anayelenga. Usishike bunduki ya mwenzako bila ruhusa. Usije ukiwa umelewa. Na usimcheke aliyekosa shabaha. Anayechekwa huona haya, hufanya haraka, na haraka huleta ajali.

MASIKIO NA MIKONO

Mlio wa bunduki huharibu masikio, na usikivu ukipotea kwa mlio haurudi. Vaeni vizibo vya masikio, na wasiopiga wakae mbali.

Risasi nyingi zina madini ambayo nayo yanaitwa risasi. Madini haya ni sumu, na hudhuru watoto zaidi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake.

TUSIOKOTE

Zoezi likiisha, maganda ya risasi huokotwa na kuhesabiwa na wenye zoezi. Watoto wasiende kuyatafuta. Huenda katikati ya maganda imebaki risasi nzima. Na penye mazoezi ya jeshi huenda pamebaki bomu ambalo halikulipuka.

Tusidhani haya ni maneno ya kutisha watu. Mwezi wa Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu lililookotwa likidhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka. Wanafunzi watano walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa.

Kwa hiyo, ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikipige teke, usikitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia. Weka alama kwa mbali, tawi la mti au kitambaa, ili wengine wasikaribie. Kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wawakatalie watoto wanaoleta vitu vya namna hii. Bei ya kilo moja ya chuma hailingani na mkono wa mtoto.

Ndugu wasomaji, bunduki haijui nani ndugu na nani adui. Sisi ndio tunaojua. Msomeeni habari hii jirani asiyejua kusoma, na muwasomee watoto leo jioni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtu asingoje kusikia mlio ndipo ajikinge?

2. Nani anaruhusiwa kusema "Acha!" uwanjani?

3. Katika kijiji chenu, watoto wanaochunga watapataje habari ya siku ya shabaha?

4. Mtoto wako akileta nyumbani chuma asichokijua, utafanya nini?