Uteuzi wa Maudhui katika Vyombo vya Habari vya Mtandaoni: Nafasi ya Kiswahili na Wajibu wa Watunga Sera

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kukua kwa nafasi ya uteuzi wa maudhui katika vyombo vya habari vya mtandaoni na athari zake kwa Kiswahili katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Hoja kuu ni kwamba uteuzi una kazi tatu: kuchagua, kupanga na kufafanua. Kazi mbili za kwanza zimehamia kwa kiasi kikubwa kwenye programu za kompyuta. Ya tatu ingali inamhitaji mtu anayeijua lugha pamoja na historia ya maneno yake. Sera za ukanda huu zimeshughulika zaidi na anayezalisha maudhui na anayeyapokea, huku anayesimama kati yao akiachwa nje. Makala yanapendekeza kwamba uteuzi wa maudhui utambuliwe kuwa taaluma ya lugha.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa habari mtandaoni hakabiliwi tena na uhaba wa habari. Kinachomkabili ni wingi wake. Taarifa ya mvua, hotuba ya waziri, tangazo la msiba na uvumi wa mganga humfikia kwa wakati mmoja, kwenye kioo kimoja cha simu, zikiwa na ukubwa uleule wa herufi. Katika hali hiyo, anayeamua kipi kitangulie na kipi kisionekane ana nguvu inayokaribia ile ya aliyeandika habari yenyewe, na pengine kuizidi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kiswahili wakati huu. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaiidhinisha kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2021. Umoja wa Afrika ukaikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, mwaka ambao pia Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia iwe lugha rasmi. Hatua hizi zinaongeza idadi ya watu watakaokitafuta Kiswahili mtandaoni bila ya kukulia ndani yake. Mwanafunzi wa Kampala au Kigali atakutana na Kiswahili kile alichoteuliwa. Kwa hiyo swali la nani anateua, na kwa vigezo gani, ni swali la sera ya lugha.

2.0 Dhana na Istilahi

Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina la kazi hii. Hutumika maneno uchujaji, ukusanyaji, uratibu, uhariri na uteuzi, na kila moja lina upungufu wake. Uchujaji husisitiza kinachotupwa. Ukusanyaji hausemi lolote juu ya ubora. Uratibu huelekea kwenye utawala, nao uhariri huhusu zaidi kurekebisha matini. Makala haya yanatumia uteuzi wa maudhui kwa maana ya kuchagua maudhui yaliyokwisha kuzalishwa na wengine, kuyapanga kwa utaratibu wenye lengo, na kuyafafanua ili mpokeaji ajue yametoka wapi na yana maana gani. Anayefanya kazi hiyo ni mteuzi, awe mtu au programu.

Kazi hizo tatu hazilingani. Kuchagua na kupanga kunaweza kufanywa kwa kuhesabu: habari ipi imesomwa na wengi, ipi imesambazwa zaidi, ipi inafanana na ile aliyoipenda msomaji jana. Kufafanua hakuhesabiki kwa namna hiyo. Kunahitaji kujua kwamba neno fulani, likisemwa mahali fulani, na mtu fulani, mbele ya watu fulani, halina maana iliyomo kwenye kamusi.

3.0 Uteuzi kabla ya Intaneti

Uteuzi si jambo geni katika jadi ya Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yangalipotea kama yasingekusanywa baadaye katika karne ya 19 na Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari William Taylor. Thamani ya mkusanyo huo, ambao sehemu yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, haikutokana na beti peke yake. Sikujua alieleza pia mazingira ya mashairi, na bila ya maelezo ya aina hiyo sehemu kubwa ya mafumbo ya Muyaka ingebaki imefungwa kwa msomaji wa leo. Hapa kazi zote tatu zilifanywa na mtu mmoja aliyeijua lugha na mji wake.

Jarida la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 Tanganyika, lilipokea barua na mashairi ya wasomaji, na mhariri ndiye aliyeamua yapi yachapwe. Idhaa za Kiswahili za BBC (1957), Sauti ya Amerika (1962) na Deutsche Welle (1963) nazo zilichagua, miongoni mwa habari za dunia, zile zilizohesabiwa kumfaa msikilizaji wa Kiswahili. Katika mifano yote hii mteuzi alikuwa na sura. Msomaji aliyechukizwa aliweza kumwandikia.

Vyombo vya mtandaoni vya Kiswahili viliendeleza desturi hiyo mwanzoni. Ndesanjo Macha, mwandishi wa blogu ya Jikomboe, alikuwa pia mhariri wa Afrika Kusini mwa Sahara katika mtandao wa Global Voices, ambao kazi yake ni kuteua na kufafanua sauti za wananchi kwa wasomaji wa nchi nyingine. Blogu ya Michuzi, iliyoanzishwa mwaka 2005 na mpigapicha Issa Michuzi, ilijenga hadhira kubwa ndani na nje ya Tanzania kwa picha, matangazo na taarifa fupi ambazo nyingi zililetwa na wasomaji wenyewe. Umaarufu wake ulitokana na jicho la mteuzi kwa kiasi kilekile ulivyotokana na kamera.

4.0 Kutoka kwa Mhariri hadi kwa Programu

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mitandao ya kijamii ilipoacha kuonyesha taarifa kwa kufuata saa zilivyowekwa, ikaanza kuzipanga kwa algoriti, yaani taratibu za kihesabu zinazobashiri ni kipi kitakachomfanya mtumiaji abaki, abofye au ajibu. Facebook ilianzisha ukurasa wake wa mtiririko wa habari mwaka 2006, na upangaji wa kialgoriti ukaendelea kukua ndani yake. Twitter na Instagram zilielekea njia hiyo mwaka 2016.

Tukio la mwaka huohuo linaonyesha tofauti ya wateuzi hao wawili. Facebook ilikuwa na sehemu ya habari zinazovuma, ambayo wahariri walichagua na kuziandikia maelezo mafupi. Mwezi Mei wahariri hao walishutumiwa kwamba walizibana habari za mrengo wa kihafidhina wa Marekani. Mwezi Agosti kampuni iliwaondoa na kuiachia programu sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katika muda wa siku chache sehemu hiyo iliitanguliza habari ya uongo kwamba mtangazaji Megyn Kelly amefukuzwa na Fox News. Mwaka 2018 sehemu yenyewe ilifutwa. Mafunzo yake ni mawili: binadamu huteua kwa upendeleo, na programu huteua bila ya kuelewa. Hata hivyo, upendeleo wa mhariri anayejulikana unaweza kuhojiwa na kusahihishwa, ilhali kutoelewa kwa programu hakuna anayekuwajibikia mbele ya msomaji.

5.0 Kiswahili mbele ya Programu

Tukio hilo lilitokea katika Kiingereza, lugha ambayo programu hizo huihudumia vizuri kuliko nyingine. Katika Kiswahili tatizo linaongezeka kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umbo la neno. Maneno uchaguzi, tumemchagua, wasiochaguliwa na hawakuchaguana yana mzizi mmoja, lakini kwa programu inayohesabu maneno kwa umbo la nje hayo ni maneno manne yasiyohusiana. Mada inayozungumzwa na watu wengi inaweza kuonekana kana kwamba inazungumzwa na wachache.

Sababu ya pili ni tofauti za matumizi baina ya nchi. Wakati wa janga la korona, maandishi rasmi ya Tanzania yalitumia UVIKO-19, ilhali vyombo vingi vya Kenya viliandika Covid-19 au korona. Mteuzi anayetafuta kwa neno moja hupata nchi moja. Athari huwa kubwa zaidi pale tofauti inapogusa uhai. Mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliua zaidi ya watu 2,200. Ujumbe wa afya katika Kiswahili sanifu haukuwa lazima uwe ujumbe kwa mzungumzaji wa Kiswahili cha Kongo. Kuainisha matini zote hizo kwa jina moja la lugha ni sahihi kwenye orodha, lakini hakumsaidii mgonjwa.

Sababu ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote, ni historia ya neno. Kwenye kamusi, madoadoa ni alama za rangi zilizotapakaa juu ya kitu, kama ngozi ya chui au jani lenye ugonjwa. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya neno hilo lilitumika kuwataja watu waliohesabiwa kuwa wageni katika eneo, nalo linakumbukwa pamoja na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, madoadoa likiwemo.

Programu ikipewa orodha hiyo itafanya moja kati ya mawili: itazuia ushauri wa bwana shamba juu ya madoadoa ya majani ya mahindi, au itahitaji kulegezwa hadi iruhusu hotuba ya uchochezi. Orodha yenyewe ilizua mabishano, kwa kuwa ilijumuisha pia hatupangwingwi, neno la Sheng lililokuwa kaulimbiu ya upande mmoja wa kampeni. Wazungumzaji wa lugha walitofautiana juu ya neno hilo, na kila upande ulitoa sababu zake. Kufafanua ni kuzipima sababu za namna hiyo, kazi ambayo mashine ya kuhesabu haiwezi kuifanya.

6.0 Sera Zilipoelekea na Zilipopaacha

Serikali za ukanda huu hazikukaa kimya. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zikawataka wanablogu na wenye majukwaa wapate leseni. Mwezi Juni mwaka huo JamiiForums ilisitisha huduma zake kwa muda. Uganda, kuanzia Julai 2018, ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikaweka badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya data. Hatua ya Tanzania ilimlenga mzalishaji na mwenye jukwaa. Ya Uganda ilimlenga mpokeaji. Algoriti inayosimama kati yao haikuguswa na yoyote kati ya hizo.

Zaidi ya hayo, gharama ya leseni haimwelemei kila mtu kwa usawa. Mteuzi mdogo wa Kiswahili akifunga blogu yake, wasomaji hawaachi kusoma. Wanahamia kwenye mtiririko unaopangwa na programu iliyoundwa mbali nao. Hivyo hatua iliyokusudiwa kuleta uwajibikaji inaweza kumwondoa mteuzi anayewajibika na kumwacha asiyewajibika.

Suala la haki ya mzalishaji nalo ni la kweli. Desturi ya kusoma magazeti redioni kila asubuhi ni uteuzi wa maudhui unaopendwa mno Tanzania, lakini wachapishaji walilalamika kwamba msikilizaji aliyesomewa habari yote hanunui gazeti, na mwaka 2017 serikali iliagiza visomwe vichwa vya habari tu. Mteuzi mwema hutaja chanzo, hudokeza na humwelekeza msomaji kwa mwenye kazi. Mipaka hiyo haijaandikwa vya kutosha kwa upande wa mtandao.

Ipo mifano ya kujengea. PesaCheck na Africa Check huchunguza madai yanayosambaa mtandaoni, nayo JamiiCheck hufanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Hawa hawateui tu; wanafafanua, tena wanaonyesha njia waliyoipitia hadi wakafikia hukumu yao.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uteuzi wa maudhui umekuwa mlango ambao Kiswahili hupitia kuwafikia wasomaji wake, wa zamani na wapya. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini katika soko la habari asiyechagua huchaguliwa, na anayemchagulia huenda hajui nazi wala koroma.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na asasi za nchi wanachama, isanifishe istilahi za fani hii. Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zifundishe uteuzi na ufafanuzi wa maudhui pamoja na uhariri na tafsiri. Tatu, kanuni za leseni zimtenganishe mteuzi mdogo anayetaja vyanzo na kampuni kubwa ya utangazaji. Nne, serikali za Jumuiya, kwa sauti moja, ziyatake makampuni ya mitandao yaeleze ni wajuzi wangapi wa Kiswahili wanaohusika katika kupanga na kuchuja maudhui ya lugha hii, na wa lahaja zipi. Nchi moja ikiuliza peke yake inaweza kupuuzwa. Jumuiya nzima, yenye lugha rasmi inayoivuka mipaka yake, ina uzito wa kujibiwa.