Kaburi la Wasiorudishwa Nyumbani

Aingiaye katika uwanja wa kanisa la kijiji cha Uingereza hukuta makaburi ya kale yaliyozungukwa na majani na, mara nyingi, msalaba mrefu wa mawe uliosimamishwa juu ya vidato vichache. Chini ya msalaba huo hapana maiti. Yapo majina tu, pengine kumi, pengine thelathini, na si ajabu jina la ukoo mmoja kurudiwa mara mbili au tatu: ndugu wa tumbo moja.

Minara hiyo ilienea baada ya Vita Kuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918. Haikujengwa kwa fahari ya ushindi peke yake. Mwaka 1915 ilikatazwa kurudisha maiti za askari kutoka medani za vita; wa tajiri na wa maskini, wote walizikwa ng'ambo, na wengi hawakuonekana kabisa. Mama wa kijijini asiye na nauli ya kwenda Ufaransa alibaki hana kaburi la kupalilia. Jiwe lile la kanisani likawa ndilo kaburi. Hapo alipeleka maua, na hapo aliweza kuligusa jina la mwanawe.

Fedha zilitoka mifukoni mwa wanakijiji wenyewe. Kamati ziliundwa, na penye kamati hapakosi maneno. Wako waliotaka ukumbi, au kitu kingine cha kuwafaa walio hai. Waumini wa madhehebu mengine nao waliuliza kwa nini mnara wa wote uwekwe katika uwanja wa Kianglikana, ambamo hakisimamishwi kitu bila idhini ya dayosisi.

Lakini swali gumu kuliko yote lilikuwa: nani aandikwe? Kijana aliyehamia mjini kutafuta kazi ni wa wapi? Ndiyo maana mtu mmoja huweza kuonekana katika minara miwili, na mwingine asionekane popote. Kulikuwa na waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kosa la kutoroka au woga. Baadhi yao waliachwa nje ya orodha ya kijiji chao, na wazazi wao wakaendelea kupita pale. Askari 306 wa namna hiyo walisamehewa mwaka 2006.

Waliokubaliwa huandikwa mara nyingi kwa mfuatano wa alfabeti, bila cheo, hata mwana wa mwenye shamba akasimama chini ya mtunza farasi wake. (Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita hivyo hivyo hawakupata heshima hiyo: sanamu za askari zilizowekwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazina jina lao hata moja.)

Baada ya mwaka 1945 majina mapya yaliongezwa chini ya yale ya kwanza. Kila Jumapili ya pili ya Novemba watu hukusanyika, ua jekundu la karatasi kifuani, wakanyamaza dakika mbili. Wa vita vile vya kwanza karibu hakuna tena aliye hai aliyepata kuwajua, lakini mchonga mawe bado huitwa kuzichimba upya herufi zilizoliwa na mvua.